Pensheni ya Uingereza ikifika Mombasa inaganda

Kila mwaka mwezi wa Aprili mzee jirani yangu hapa Bamburi hupata voisi noti ya WhatsApp kutoka Leicester, ya rafiki yake waliyeendesha naye mabasi depo moja, na kila mwaka huyo rafiki anasema yale yale, "wametuongeza tena", alafu anataja pesa. Mzee husikiliza mara moja tu, anaweka simu kifudifudi juu ya meza, anamalizia kahawa yake. Walianza kazi mwaka mmoja, 1974, walikatwa bima ileile ya serikali kila wiki, wakastaafu 2012 wakipishana miezi miwili, wote kwa pensheni ya msingi ya serikali, pauni 107.45 kwa wiki. Mwenzake alibaki Leicester na kufikia Aprili 2025 yake ilikuwa imefika 176.45. Mzee alirudi nyumbani na yake ni 107.45 mpaka leo hii, haijasogea hata peni moja na haitasogea akiwa huku.

Miaka yote nikiisikia hii hadithi nilidhani labda kuna fomu hakujaza, si unajua wazee na mafomu. Hakuna fomu. Ndo sheria yenyewe ilivyo.

Sheria inasema hivi, pensheni ya serikali ya Uingereza utalipwa popote ulipo duniani, hilo hawana neno nalo, neno liko kwenye nyongeza ya kila mwaka. Nyongeza wanapewa waliobaki Uingereza kwenyewe, walioko nchi za Umoja wa Ulaya na Uswisi, na walioko nchi chache ambazo Uingereza imewekeana nazo mkataba wa hifadhi ya jamii wenye kifungu hicho. Ukiwa kwengine kokote unalipwa kiwango ulichoanza nacho, au kile cha siku uliyohama kama ulikuwa ushaanza kulipwa, na hapo ndo hapo. Kenya haimo, Tanzania haimo, Uganda haimo. Na usikimbilie kusema ni mambo ya rangi, manake Australia haimo, Afrika Kusini haimo, na Canada ambayo ina mkataba kabisa na Uingereza, mkataba wake hauna kifungu cha nyongeza kwa hiyo wazee walioko huko wameganda vile vile. Upande wa pili Jamaica imo, Ufilipino imo, Uturuki imo, Marekani imo, na Mauritius imo. Yani bahari ni hii hii moja tunayoogea, ukistaafu Port Louis pesa inapanda kila Aprili, ukistaafu Mombasa inakaa pale pale. Wazee walioganda namna hii duniani ni zaidi ya laki nne.

Piga hesabu basi. Tofauti ya mzee na mwenzake kwa kiwango hicho cha 2025 ni pauni 69 kwa wiki, kwa mwaka ni pauni 3,588, na pauni ikiwa kwenye shilingi 170 hivi hiyo ni kama laki sita za Kenya kwa mwaka, elfu hamsini kila mwezi. Elfu hamsini kwa mzee wa miaka sabini na nane ni mshahara wa dada wa kazi, ni dawa za presha na sukari za mwezi mzima, na bado kuna kitu cha kumtumia mjukuu aliye chuo. Na kila mwaka unaopita hilo pengo linazidi, kwa sababu tangu 2011, ukitoa 2022, kule wanatumia ile kanuni yao ya kuangalia vitu vitatu, bei zimepanda kiasi gani, mishahara imepanda kiasi gani, au asilimia 2.5, alafu wanachukua iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2023 waliongeza asilimia 10.1, mwaka uliofuata 8.5. Kwa mzee sifuri, sifuri.

Watu wamekwenda mahakamani kwa hili, tena si watu wadogo wadogo. Mama mmoja Muingereza, Annette Carson, alihamia Afrika Kusini 1989 na alipofika umri wa pensheni mwaka 2000 ya msingi ikagandishwa kwenye pauni 67.50. Akashtaki. Akapanda mpaka kwa mabwana wa House of Lords, iliyokuwa ndo mahakama ya juu kabisa kule wakati ule, 2005 akashindwa, akaenda na wenzake mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, Machi 2010 majaji 17 wakapiga kura, 11 kwa 6, akashindwa tena. Walichosema majaji kwa lugha ya kwetu ni kwamba ile bima uliyokatwa kazini haikuwa akiba yako wewe, iliingia kwenye chungu kimoja kikubwa cha matumizi mengi, kwa hiyo huwezi kusema "nirudishieni changu". Alafu nyongeza ni ya kumlinda mtu na bei za Uingereza, na wewe uliye Cape Town bei za Uingereza zinakuhusu nini.

Kwenye hoja ya kwanza sina ubishi mkubwa, hata mzee hapendi kuisikia lakini ndo ukweli, pesa aliyokatwa 1980 ililipa wastaafu wa 1980, imeshaliwa zamani. Ila hoja ya bei naiona ya mtu aliyekwishaamua jibu alafu akatafuta sababu. Bei za Manila zinafanana nini na bei za Leicester? Na mbona walioko Manila wanaongezwa? Kuna kituko kingine, mstaafu aliyeganda akienda Uingereza kutembea, hata kama ni mwezi mmoja, akiwajulisha wanamlipa kiwango kipya kwa muda ule aliopo kule, akipanda ndege kurudi kinashuka. Sasa hiyo ni hifadhi ya jamii au ni posho ya safari?

Na kuna kitu kwenye hii hesabu hakisemwi sana. Mzee huyu tangu 2012 hajaingia hospitali yao hata siku moja, hajachukua dawa zao za bure, hajapewa mtu wa kumuogesha na halmashauri ya mji. Alilazwa hapa Mombasa siku nne, bili ikalipwa na watoto kwa mchango wa familia kwenye grupu la WhatsApp. Mwenzake wa Leicester amebadilishwa goti na kufanyiwa jicho bila kutoa peni, na simuonei choyo, ni haki yake. Ninachosema ni kwamba mzee aliyerudi kwao amewaondolea gharama, alafu ndo yeye anayekatwa. Mtu akikuondolea mzigo begani humtozi nauli.

Sasa kuna jambo linalowafanya wengi wasione wanavyoliwa, nalo ni shilingi yetu. Mwaka 2012 pauni ilikuwa shilingi 130 na kitu, saa hii iko 170 hivi, kwa hiyo mzee akiangalia akaunti yake ya shilingi anaona tarakimu zimepanda, anasema si haba. Lakini hiyo si nyongeza, hiyo ni shilingi kuanguka, na kinachoanguka kinaweza kusimama. Wanaolipwa kwa pesa za nje watakuwa wanaikumbuka 2024. Mwisho wa Januari dola ilikuwa shilingi 160, pauni ikavuka 200, mzee malipo yake ya wiki nne yakawa kama elfu themanini na saba, akapaka nyumba rangi. Februari serikali ikakopa nje dola bilioni 1.5 ili ipunguze lile deni la Eurobond lililokuwa liive Juni, wasiwasi ukaisha sokoni, shilingi ikapata nguvu, na ilipofika Aprili pauni ilikuwa 165 hivi na ile ile pensheni ikawa elfu sabini na moja. Elfu kumi na sita zimeyeyuka ndani ya miezi mitatu na hakuna aliyemkata. Aliniuliza, "mwanangu, mbona kila mtu anasherehekea shilingi?" Nikakosa jibu la haraka.

Alafu kuna karatasi ya uhai. Wanaolipwa pensheni nje hutumiwa fomu mara kwa mara ya kuthibitisha bado wako hai, unaijaza, shahidi anasaini, daktari au mwanasheria au mwalimu au mtu wa benki, mtu wa heshima anayekujua, unairudisha ndani ya wiki 16 na usiporudisha wanasimamisha malipo. Sina tatizo na fomu, wako watoto wamekula pensheni ya marehemu miaka, kila nchi inajua hilo, hata jirani zetu Tanzania wana uhakiki wao wa wastaafu. Tatizo ni njia. Barua inatoka Uingereza kwa posta ya kawaida, inafikia sanduku ambalo mzee analichangia na mwanawe, na mwanawe siku hizi nani anakwenda kufungua sanduku la posta? Mara moja alilifungua akakuta barua imekaa na wiki 16 zimeshapita zote. Pensheni ikasimama. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari, yule daktari kijana akamuangalia, akacheka, akamwambia "Mzee shikamoo, sasa mimi nithibitishe nini na umeingia na miguu yako", akasaini. Tukaituma kwa kuria, elfu kadhaa hizo, alafu miezi miwili na nusu ya kungoja ambayo mzee aliishi kwa kukopa dukani. Hela ilikuja yote ya nyuma, sikatai, lakini mwenye duka hakula riba ya subira.

Ukitaka kujua kwamba haya si maumbile angalia nchi nyengine zinavyofanya. Marekani inalipa pensheni yake ya Social Security mpaka huku, na nyongeza ya gharama za maisha inakufuata, 2023 walipoongeza asilimia 8.7 aliye Kisumu alipata na aliye Kansas alipata. Wana makato yao, kama wewe si raia wala mkaazi wa kule wanakata kodi inayofika asilimia 25.5 ya malipo, na bima yao ya matibabu ya wazee haivuki mpaka, ila pensheni haigandi. Ujerumani nao wanalipa huku na wanaongeza. Zamani mtu asiye raia akiondoka Ulaya walimlipa asilimia 70 tu ya haki yake, 2013 wakaifuta hiyo. Na Mjerumani ana kitu kingine naona cha uungwana, ukiwa Mkenya umefanya kazi kule chini ya miaka mitano ukaondoka, baada ya miaka miwili nje unaweza kuomba urudishiwe michango yako, ile sehemu yako wewe, ya mwajiri inabaki kwao. Uingereza chini ya miaka kumi ya michango hupati pensheni ya serikali hata shilingi, na hakuna kurudishiwa.

Ghuba sitaki kukaa sana kwa sababu kule pensheni kwa mgeni hakuna, kuna kiinua mgongo. Dubai na Emirates zote ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, alafu siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, unapewa mkononi ukiondoka basi mmemalizana. Na wale dada zetu wa kazi za nyumbani hawamo hata kwenye hiyo, wana sheria yao ya peke yao. Angalau mtu anajua mapema kwamba hana kitu cha kungoja uzeeni.

Nani basi alitakiwa atusemee? Hapa ndo nina ugomvi wangu, na si na London.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hili somo tulilisoma kwa machozi. Ile Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977 kulikuwa na Watanzania wamefanya kazi reli Nairobi, Wakenya wako bandarini Dar, Waganda kwenye ndege na posta, wote walikatwa pensheni na mashirika ya pamoja. Siku moja shirika halipo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983, na ikachukua mpaka Mei 1984 ndipo mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa, baada ya Mswisi mmoja, Victor Umbricht, kuzunguka miaka akisuluhisha. Mkataba ukasema kila nchi iwalipe watu wake. Karatasi ilisema. Wazee wa Dar es Salaam waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walikuwa bado wanaandamana na kulala barabarani miaka ya 2000, wengine walikufa wakidai. Babu yangu upande wa mama alikuwa reli na mpaka anazikwa neno "Jumuiya" kwake lilikuwa tusi. Watu wenye historia kama hiyo walitakiwa wawe wa kwanza duniani kuuliza, kabla ya kumpeleka mtu wao nje, pensheni yake itarudi vipi.

Haya, Julai 2021 Uhuru Kenyatta yuko London, Kenya na Uingereza zinasaini makubaliano ya wauguzi na wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi kule. Uingereza inawahitaji, hilo halina siri, hospitali zao zina upungufu. Hapo wewe ndo mwenye bidhaa. Hapo ndo pa kusema sawa, hawa wasichana mtawakata bima kila mwezi, sasa yule atakayerudi baada ya miaka saba atapata nini, na yule atakayekaa ishirini na tano akarudi Kakamega pensheni yake itaganda au itapanda? Ikaongelewa mafunzo, ikaongelewa ajira, ikapigwa picha. Kenya haimo kwenye orodha ya nyongeza leo kama ambavyo haikuwamo kabla ya picha. Septemba 2024 Ruto naye akaenda Berlin, makubaliano mengine ya wafanyakazi, na bahati nzuri sheria ya Wajerumani yenyewe tayari ina ubinadamu kidogo, la sivyo tungekuwa na wimbo ule ule.

Najua watakaosema Uingereza haikubali, Canada imeomba na kuomba wakakataliwa, sisi ni nani. Kweli. Serikali zao zote, ya chama hiki na chama kile, zimekataa kwa sababu ni pesa nyingi na wapiga kura wenyewe wako mbali. Lakini kuomba nyongeza kwa wazee walioko tayari ni jambo moja, na kuuza nguvu kazi yako bila masharti ni jambo jengine. Canada haikuwa na wauguzi wa kuwauzia. Kama nyongeza ni ngumu, ungeomba hata kile cha Mjerumani, kurudishiwa michango kwa wasiofika miaka kumi, au miaka ya NSSF ya huku ihesabiwe pamoja na ya kule ili mtu afikishe kumi. Mambo kama haya ndo mikataba ya hifadhi ya jamii inafanya duniani kote, si maajabu. Ila kwetu diaspora ni namba ya kutangaza. 2024 walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, Benki Kuu inaitoa hiyo takwimu kila mwezi kama matokeo ya mpira. Mzee wa Bamburi alikuwa kwenye hiyo takwimu miaka thelathini na nane, kabla hata haijaanza kuhesabiwa vizuri. Siku aliyorudi akatoka kwenye takwimu.

Kwa hiyo walioko kule saa hii na wanafikiria kurudi, maneno machache ya mtu aliyekaa na makaratasi ya mzee kuliko alivyopenda. Angalia rekodi yako ya bima kabla hujafunga masanduku, iko kwenye tovuti ya serikali yao, uone una miaka mingapi kamili. Kumi ndo mlango, 35 ndo pensheni kamili kwa hii mpya iliyoanza 2016. Nimeona mtu amerudi na miaka tisa. Tisa! Zamani angelipia pengo akiwa huku kwa bei ya chini, 2025 ilikuwa pauni 3.50 kwa wiki na hata aliyekaa kule miaka mitatu tu aliruhusiwa, lakini bajeti yao ya Novemba 2025 imeifunga hiyo njia kuanzia Aprili 2026, sasa ni ile ya ghali na lazima uwe umeishi au umechangia kule miaka kumi. Ukifika umri, ambao ni 66 na unapanda kwenda 67 kati ya 2026 na 2028, pensheni haiji yenyewe, lazima uidai. Na wauguzi wasichanganye vitu viwili, pensheni ya NHS, yani ya hospitali za serikali kule, ni kitu mbali, ile ni ya kazini na inaongezwa hata ukiwa Garissa, ya serikali ndo inayoganda. Kwa hiyo aliyekuwa NHS akirudi hali yake si ya dereva wa basi, na kama una uchaguzi wa kujitoa kwenye pensheni ya kazini ili mshahara unenepe kidogo, fikiria mara tatu.

Na ukipigiwa simu na kijana mwenye sauti nzuri akakwambia anaweza kukuhamishia pensheni yako ya kazini nje uitoe yote kabla ya miaka 55, kata simu. Ukiitoa kabla ya umri, ambao 2028 unakuwa 57, kodi inaweza kufika asilimia 55, na kuihamishia mfuko wa nje tangu 2017 kuna tozo ya asilimia 25 usipokuwa na msamaha. Kijana atakuwa amechukua chake siku nyingi.

Mzee mwenyewe ameshaacha kukasirika, au anasema hivyo. Mwezi wa nane anakwenda Leicester, mjukuu anaolewa, atakaa wiki sita. Jana aliniita nimuandikie barua ya kuwajulisha ofisi ya pensheni tarehe za kuingia na kutoka, ili zile wiki sita alipwe 184.90, kiwango cha Aprili 2026. Nikapiga hesabu kwenye simu, ni pauni 464 na kitu za ziada. Tiketi ya kwenda na kurudi ameshaiulizia kwa wakala, ni zaidi ya hapo. "Andika tu," akasema, "na uweke sawa tarehe ya kurudi, wasije wakadhani nimehama."